Mwimbaji Aitwaye Inkonu

Irakoze mwanangu,

Salamu sikupi. Asubuhi tumesalimiana na jioni tutakula sahani moja, nikianza kukuuliza hali humu ndani utanicheka. Naandika nikiwa dukani, nyuma ya meza, wewe umekwenda kunyolewa na kuwaaga wenzako wa mtaa wa Magarama. Nimekaa, nimesimama, nimekwenda mlangoni kuangalia mawingu, nimerudi. Shati lako jeupe nimelipiga pasi tena ingawa ulikuwa umeshalikunja begini. Usiniulize kwa nini. Mikono leo haitaki kutulia.

Mambo ya kula vizuri, kuvaa sweta, kutomwachia mtu begi lako garini, hayo sikuandikii. Nimeyasema wiki nzima mpaka umeanza kuyamalizia mwenyewe kabla sijafika mwisho. Kesho unapanda gari la Muyinga, unakwenda Gashoho kwa baba yako. Amekuita akuonyeshe itongo, sehemu yako kwenye shamba la ukoo. Na mimi najua mambo ya itongo. Kijana akionyeshwa, hujenga. Akijenga, huoa. Akishaoa, hapo ndipo kwao, na mama yake anakuwa mtu wa kutembelewa sikukuu. Hilo ndilo lililoninyima usingizi siku hizi zote. Nilipokwambia ni jino, nilikudanganya.

Kuna na jambo jingine. Tangu nimefungua duka leo asubuhi nautafuta wimbo mmoja kwenye kompyuta hii, na siuoni. Nataka uondoke nao kwenye simu yako, tena uondoke ukijua anayeimba ni nani. Jumapili utakaa kwenye benchi la kanisa la Gashoho, na utajua tu, hakuna wa kukuficha. Sitaki ujulie huko watu wakikutazama usoni. Nataka ujue kutoka kwangu, mimi niliyekuficha.

Ngoja nianze na kompyuta, kwa kuwa ndiko kwepesi kuanzia.

Unajua nilivyokuwa nikipanga nyimbo zangu kwenye folda. Kulikuwa na dosiye ya Harusi, na ya Kilio, na ya Dereva Mnene, na ya Mama Hawa, na ya Wale Vijana wa Kinyozi, na baada ya hapo zile ambazo sikuwa na nafasi ya kuzipa jina, kompyuta ikaziita yenyewe Nouveau dossier, dosiye mpya, na nyingine Nouveau dossier na namba yake, zikafuatana mpaka chini ya kioo. Kwangu ilikuwa sawa. Mtu haji hapa na jina la mwimbaji. Anakuja na simu mkononi na kukuambia, nitilie ule wimbo waliopiga siku tunampeleka dada yangu kwa bwana. Au anasimama pale mlangoni, anang'ong'ona kidogo, anaona haya, anasema, unaujua? Mimi namwangalia uso, nakumbuka alikuja na nani mara ya mwisho, nafungua dosiye ya huyo aliyekuja naye, na mara nyingi wimbo umo. Watu hawatafuti nyimbo, Irakoze. Wanatafuta siku waliyousikia, na siku haiandikwi kwenye jalada la sidii.

Wewe ukarudi likizo na elimu yako, ukafungua, ukashika kichwa.

"Mama, hii iko dezordre kabisa. Mutu atatafuta namna gani humu?"

"Ataniuliza mimi."

"Na kama we hauko?"

Niliondoka nikaenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi. Wewe ukaweka ile programu yako, ukakaa humu mpaka macho yakawa mekundu, ukapanga kila kitu: mwimbaji, ndani yake albamu, ndani yake mwaka. Nilikununia mpaka wakati wa chakula. Nilikuona kama mtu aliyeingia chumbani kwangu akahamisha kitanda nikiwa sokoni. Lakini nisiseme uongo leo, mpango wako unafaa. Mteja akija na jina, naandika herufi tatu pale pa kutafutia, kwenye Rechercher, wimbo unaruka mbele yangu. Hilo sikuwahi kukwambia kwa mdomo. Haya, nimekwambia.

Tabu ni kwamba leo ninachotafuta hakina jina. Kinaitwa Piste 3, wimbo wa tatu, basi. Nimeandika Piste 3 na kompyuta imenimwagia Piste 3 nyingi kama maharagwe, nami nazifungua moja moja. Kwaya, kwaya, mahubiri, mtu anapiga gitaa peke yake, Kilingala, kwaya. Nasikiliza kidogo, nafunga. Nikikosa, naandika mistari miwili ya barua hii, narudi tena.

Kisa cha Inkonu unakijua, umewasimulia wenzako mpaka wamechoka, lakini unakijua upande mmoja tu. Acha nikisimulie mwenyewe.

Kompyuta ya kwanza niliinunua kwa mtu aliyekuwa akihama, na nyimbo zake zote zikiwemo. Mimi nilisoma shule ya Kiswahili kule Tanzania, Kifaransa sikukijua hata cha salamu. Nilipofungua nikaona majina, majina, halafu dosiye kubwa kuliko zote, imeandikwa Artiste inconnu. Artiste nilikisia kuwa ni msanii, inafanana fanana. Basi msanii anaitwa Inconnu. Nikamsoma kwa Kirundi changu cha kuungaunga: Inkonu. Nikafungua, lahaula! Yule bwana aliimba za dini, za harusi, za mapenzi, aliimba Kilingala, aliimba sauti ya kike na ya kiume. Nikasema moyoni, kweli nyumbani kuna vipaji, sisi tulikuwa tumekaa ugenini tunajidanganya.

Nikaanza kumtangaza. Mteja akisita namwambia, chukua za Inkonu, hutajuta. Watu wakawa wananiangalia vibaya. Inkono kwa Kirundi ni chungu cha kupikia, hilo nililijua, lakini nilidhani mtu anaweza kuitwa chochote, mbona kule makazi ya wakimbizi tulikuwa na jirani anaitwa Jembe. Mzee mmoja akaniuliza kwa heshima kabisa kama chungu hicho kinaimba kikiwa na maji au kikiwa kikavu. Nikamjibu kuwa kinaimba vyote. Kumbe alikuwa ananidhihaki.

Aliyenitoa tongotongo ni Mama Hawa, fundi cherehani, yule anayekuletea sambusa za Idi mpaka leo. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye kizingiti.

"Dada yangu, nisikilize. Inconnu si mutu. Ni Kifaransa. Iko kusema hawamujue. Kompyuta haimujue mwenye kuimba, ndiyo inaandika vile."

"Wote hawa?"

"Wote hawa."

Niliona aibu mpaka masikioni, kisha nikacheka naye. Huo ndio upande unaoujua, na mpaka hapo ni kichekesho. Tulirudi nchini kwetu tukakuta hata kompyuta inaongea lugha tusiyoijua, ungetaka tulie?

Sasa hivi ameingia kijana mmoja wa pikipiki, yule mwenye kofia ya njano, anataka nyimbo za kumtilia shemeji yake kwenye kadi ya simu. Akaona nimezungukwa na makaratasi.

"Mama Irakoze, unaandika kwa serikali?"

"Namwandikia mwanangu. Kesho anakwenda Gashoho."

"Atarudi lini?"

"Kadi yako imejaa. Futa picha kwanza, halafu uniulize maswali."

Akafuta picha, akapata nyimbo zake. Maskini, hakuwa na kosa. Kila mtu leo ananiuliza utarudi lini, na kila mtu namjibu hovyo.

Kosa lingine nililofanya na hizi dosiye halichekeshi, na hukuwahi kulisikia. Siku moja nafasi iliisha kwenye diski. Nikaona Piste 1 kwenye dosiye moja, na Piste 1 kwenye nyingine, na Piste 1 tena, nikasema hizi ni zilezile, mtu kanakili mara mbili. Nikafuta. Nikajiona hodari. Baada ya muda akaja mama mmoja, mpole, alikuwa ameacha kwangu sidii ya harusi yake niinakili, na sidii yenyewe ilikwisha kukwaruzwa na watoto. Harusi nzima ilikuwa hiyo Piste 1 moja, kwaya ya dada zake na vigelegele. Nilimweleza. Hakupiga kelele, heri angepiga. Aliniuliza tu, "Kabla ya kufuta, ulisikiliza?" Nikasema nilisoma jina. Akaitikia kwa kichwa, akachukua mwavuli wake, akaondoka, na sikumwona tena. Tangu siku hiyo sifuti kitu bila kukisikiliza mpaka mwisho, na ndiyo maana unanikuta na manyimbo ya watu waliohama zamani. Uliniuliza kwa nini nahifadhi takataka. Ndiyo sababu.

Haya. Sasa Gashoho.

Tuliporudi kutoka Tanzania wewe ulikuwa mgongoni kwangu. Tulishushwa na mizigo yetu, tukapiga hema kwenye shamba ambalo baba yako alikuwa akilisikia tu kwa babu yako, mto uko hapa, mti uko pale. Tukakuta watu wanalilima, wamelilima miaka, wana watoto wao na migomba yao. Tukakaa na wazee wa kilima, yaani wa kijiji, tukaongea, tukagawana nusu kwa nusu. Mimi nilitaka baba yako agombane. Nilitaka apige meza. Yeye akasema, "Stefania, nusu inatosha kupandia," akachukua jembe. Nilimwona mnyonge. Leo nikipima naona wale waliogombana walivyomaliza ujana wao kwenye ofisi za kesi, na baba yako anavuna. Lakini wakati ule nilikuwa nachemka, na mtu anayechemka hapimi.

Tena kijiji kilinichosha. Nikisema neno moja la Kirundi na mawili ya Kiswahili, wanawake kisimani wanashika mbavu. Mutanzaniya, Mutanzaniya, mpaka watoto wao wakaniita hivyo. Mimi ni mtoto wa gulio, nimekulia kwenye kuuza na kununua, pale ni jembe asubuhi, jembe jioni. Na baba yako nyumbani alikuwa kimya. Unaongea, anasikiliza, anaitikia, basi. Halafu jioni anakwenda mazoezi ya kwaya, na kutoka nje ya hema nasikia anaanzisha, peke yake, wenzake bado hawajaingia. Irakoze, ile sauti. Ungesema mtu mwingine kabisa. Niliuonea wimbo wivu, ndivyo ilivyokuwa, niliona maneno yangu yote yanakwenda kanisani. Ni upumbavu kumwonea wivu wimbo, lakini nilikuwa binti, na hakuna aliyenicheka kwa hilo kwa sababu sikumwambia mtu.

Nikamwambia nataka kwenda Gitega kwa binamu yangu, nijaribu biashara msimu mmoja, na wewe nakuchukua kwa kuwa bado mdogo. Akafikiri. Akasema, "Nenda. Ukichoka, nyumba ipo." Hakunifukuza. Soma hapo tena, mwanangu, hakunifukuza. Hakunipiga, hakunitukana, hakuwa mlevi. Msimu ukaisha. Nikasema mvua zipite kwanza. Zikapita. Kisha ukaugua surua, kisha ukaanza shule, kisha nikapata kompyuta. Hakuna siku unayoweza kuishika ukasema, hii ndiyo siku mama alimwacha baba. Niliendelea tu kutorudi.

Baada ya miaka alimtuma mdogo wake, baba yako mdogo Tomasi, aje aniulize kama narudi, maana watu walikuwa wakimshauri aoe. Nilimkaribisha, nikampikia chai ya maziwa, tukaongea bei ya maharagwe na hali ya barabara. Alisubiri nimjibu. Nikamwongezea sukari. Jioni akapanda gari akaondoka bila neno la kupeleka. Baba yako akaoa, na ninasikia ni mwanamke mwema. Nilipoipata habari hiyo nikajifanya nimekosewa. Nikanuna mwaka mzima. Nani alinikosea? Hakuna.

Na wewe ulipokuwa ukiuliza, nilikujibu, "Baba yako ana mambo yake." Ni maneno hayohayo kila mara. Sikumsema vibaya hata siku moja, na kwa hilo nilijisifu. Lakini ulipokuwa mkubwa kidogo nikakusikia unamwambia rafiki yako hapo nje kwamba baba yako alitufukuza. Nilikuwa na ufagio mkononi. Nikaendelea kufagia. Alipokuja kutuona zile mara mbili, ukakaa mbali naye, ukanywa soda yako ukiangalia ukuta, na yeye akadhani wewe ni mtoto mwenye haya.

Sasa wimbo. Nilipofungua mfuko wa nguo hapa Gitega, siku ile ya kwanza, nikakuta sidii imefungwa katikati ya kitenge changu. Ni ile ya kwaya yake, walirekodi kwa kaseti tukiwa bado makazini, na kijana mmoja wa Muyinga mjini akawahamishia kwenye sidii. Aliyeiweka ni yeye. Sikumwomba. Sikumwambia kama niliiona. Iliishi chini ya godoro mpaka nilipopata kompyuta, na Mama Hawa alikuwa ameshanicheka na kunifundisha, kwa hiyo usije ukanitetea kwamba sikujua. Nilijua. Nikaitia sidii, kompyuta ikanakili, ikatafuta jina, ikakosa, ikamweka baba yako pamoja na wale wote. Artiste inconnu. Piste 3.

Wewe ulikuwa unacheza na vifuniko vya soda chini ya meza. Wimbo ukaanza, ile sehemu anayoimba peke yake. Ukatoa kichwa.

"Mama, huyu nani?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Neno moja tu, baba. Nikaangalia kioo, nikasoma kilichoandikwa.

"Ni Inkonu."

Ukampenda Inkonu wako. Ukawa unamwomba, Mama nitilie Mzee Inkonu, ukitaka kulala, ukiwa na homa, ukifanya hesabu. Ukafika darasa la Kifaransa, ukaja mbio na mkoba unaruka mgongoni, "Mama! Inconnu maana yake asiyejulikana!" Ukacheka, nami nikacheka, nikakwambia basi ndiyo hivyo, hajulikani. Hapo ulikuwa mkubwa wa kutosha kuambiwa. Kikawa kichekesho cha nyumba, tunawasimulia wateja, na kila tulipokisimulia nilikuwa nakuuzia mzaha ili usiniulize swali. Nimeona haya kuandika sentensi hiyo, lakini nimeiandika, isomwe.

Mvua imeanza. Wateja hakuna. Nimerudi kwenye kompyuta.

Nimeupata.

Umenitoa machozi wewe mtoto, mbele ya mama aliyekimbilia humu mvua, akataka nakala ya kitambulisho. Nimepita Piste 3 zote, sikuupata, nikasema umefutwa. Kisha nikakumbuka namna yangu ya zamani, nikaacha kutafuta jina, nikaanza kusoma dosiye moja moja kama ninavyosoma nyuso. Chini kabisa, chini ya mpango wako mzuri wa waimbaji na miaka, kuna dosiye moja haina mwimbaji wala mwaka. Umeiandika Mvua. Ndani yake wimbo mmoja peke yake.

Mvua. Kwa sababu huwa naupiga mvua ikinyesha, wateja wakikatika. Sikujua kama nafanya hivyo. Mimi nilidhani naupiga hovyo tu, siku yoyote. Wewe uliyenicheka kwa kupanga nyimbo kwa siku za watu, uliniwekea wangu kwa siku yake, ukanyamaza. Ulikuwa unanitazama muda wote huo. Sijui umekisia nini. Labda unajua zamani na ulikuwa unanisubiri niseme, na hilo ndilo linaloniuma zaidi ya yote.

Nimeusikiliza mpaka mwisho. Kwenye ubeti wa pili kuna mtoto anakohoa, kwa mbali. Ni wewe, nilikuwa nimekubeba, nimesimama karibu na redio ya kurekodia, na walitaka nitoke nje, baba yako akawaambia muacheni. Halafu nikabonyeza Renommer, nikafuta ile Piste 3, nikaandika jina lake lote: Zakaria, baba yake Irakoze. Vidole vilikosea herufi mara kadhaa. Nimeutia kwenye kadi yako uliyoniachia asubuhi, wa kwanza kabisa. Umo tayari, unaweza kuufungua garini. Au usiufungue. Unaweza kungoja umsikie mwenyewe, amekuwa mtu mzima sasa, wanasema sauti imeshuka lakini haijaharibika.

Utakasirika. Kasirika. Ila ukikasirika, nikasirikie mimi, usiende kwa mtu wa watu na uso wa hasira uliyorithi kutoka kwenye kimya changu. Atakuwa na maneno machache, nakuonya mapema. Utamwuliza kitu, ataitikia, atachukua jembe. Usidhani hakupendi. Mimi nilidhani hivyo. Mfuate shambani, na wewe chukua jembe. Mke wake mwamkie vizuri, mwite mama, haitanipunguza kitu. Watakucheka Kiswahili chako cha Gitega, wacha wakucheke, mimi niliondoka kwa kuchekwa na kumbe kucheka kwao hakukuwa na ubaya niliouona.

Na itongo. Nimelizunguka neno hili barua nzima. Wiki hii nimekuwa nikikuhesabia mambo mabaya ya kijijini, matope, giza, safari ya maji, nikijifanya natania. Nilikuwa nakukata miguu. Acha nikwambie lililo kweli: ardhi ile ni nzuri. Udongo wake ukiushika unabaki mkononi. Akikuonyesha sehemu yako na moyo ukakuambia jenga, jenga, usikae katikati kwa ajili yangu. Mimi nina duka, nina Mama Hawa, nina wateja wa kuwafokea. Nitalia siku chache, kisha nitauliza dirisha la nyumba yako linatazama wapi.

Lakini nina ombi moja. Usinitumie baba yako mdogo Tomasi anywe chai yangu. Usinipigie simu ukaniuliza bei ya vitu, ukakata. Usiseme mvua zipite kwanza. Baba yako alingoja miaka jibu ambalo lingechukua dakika moja, na mimi sina uvumilivu wake, unanijua. Panda gari, uje ukae kwenye kiti hiki, uniangalie, uniambie. Rudi uniambie, Irakoze, hata kama unachorudi kuniambia ni kwamba hurudi.

Naona umeingia uani, umenyolewa vibaya upande wa kushoto. Nafunga hapa, nije nikupe chakula.

Mimi mama yako,
Stefania